Lisbon kwa Miguu, Mkiwa Kundi

Makundi yanayokwenda kutembea Ulaya huvunjika kwa sababu ya mwendo mara nyingi kuliko kwa sababu ya fedha. Mmoja anataka picha kila kona. Mwingine ana njaa tangu saa tano. Shangazi magoti yanamuuma lakini hasemi, asije akaonekana mzigo. Na kijana mwenye ramani kwenye simu yuko mita mia mbili mbele, anageuka kuuliza mbona hamji. Ikifika jioni, watu waliokuwa wakicheka ndani ya ndege wanakula kimya.

Lisbon huuanika udhaifu huo mapema, kwa kuwa ni mji wa vilima ulioketi ukingoni mwa mto Tejo, na karibu kila njia nzuri ina ngazi. Hiyo ni sababu moja ya kuuchagua kwa mwongozo huu. Sababu ya pili ni kwamba mtu wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kushuka mpaka Msumbiji, akitembea humo taratibu ataona mambo ambayo mtalii wa kawaida huyapita bila kugeuza shingo. Njia ninayoipendekeza ni ya siku mbili na nusu. Kwanza tulizungumzie kundi lenyewe.

Kabla ya kutoka hotelini

Kundi la kutembea pamoja lisizidi watu watano au sita. Mkiwa kumi na wawili, gawanyikeni mara mbili, mkutane kwenye chakula. Vichochoro vya mtaa wa Alfama ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mabegi mgongoni wanapishana kwa taabu, na kundi kubwa likisimama kujadili njia, mwenyeji anayetoka sokoni analazimika kushuka barabarani inakopita tramu.

Chagueni kiongozi wa siku, na kesho yake awe mwingine. Kazi yake ni kujua mnakokwenda na kusema "haya, tunaondoka". Kazi ambayo watu huisahau ni ya mtu wa nyuma. Huyu hampiti yeyote; akisimama yeye, wote wanasimama. Mpeni mwenye subira, ikiwezekana yule asiyependa sana kupiga picha. Na anayetembea polepole kuliko wote msimwache mkiani, mwekeni nyuma ya kiongozi. Akiwa mkiani atakazana kuwafikia, na kila mnapomsubiri nyinyi mtakuwa mmepumzika ilhali yeye ndiyo kwanza anafika, nanyi mnaondoka tena. Akiwa mbele, kundi zima linafuata mwendo wake na hakuna anayeona haya.

Fedha ndogo ndogo ziwe za pamoja. Asubuhi kila mtu achange kiasi sawa, mmoja ashike mfuko, na humo zitoke kahawa, maji, choo cha kulipia na vitafunio vya njiani. Mlo mkubwa kila mtu ajilipie, hasa kama baadhi yenu hawanywi mvinyo. Aliyekunywa maji akiambiwa agawane bili sawasawa na aliyemaliza chupa, atalipa na atatabasamu, lakini hatasahau.

Mkipotezana, msianze kutafutana huku na huku. Aliyepotea arudi mahali pa mwisho mlipokuwa wote na kusubiri robo saa. Ikishindikana, kila mtu aelekee mahali mlipokubaliana tangu asubuhi. Mimi huwashauri watu waitumie sanamu ya Mfalme José I aliyepanda farasi, katikati ya uwanja wa Praça do Comércio. Huonekana kutoka mbali, na mtu yeyote mjini atakuelekeza. Kila mmoja awe na jina na anwani ya hoteli kwenye karatasi, kwa sababu betri ya simu haina heshima kwa mtu.

Pia ruhusuni kutengana. Kila siku tengeni saa mbili za mchana ambazo kila mtu anakwenda anakotaka: wa maduka aende madukani, wa kulala alale. Mialiko mingi ya "twende sote" hutoka kwa mtu mmoja anayeogopa kwenda peke yake, na wengine wanne wanaiitikia kwa adabu tu.

Viatu ni jambo la uhai hapa. Njia za watembea kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa nyeupe na vya rangi nyeusi, vilivyopangwa kwa mikono kwa mapambo mazuri sana, na kwa miaka mingi nyayo zimevisugua hadi vikang'aa. Manyunyu machache yakidondoka, mteremko unateleza kama sakafu ya bafu yenye sabuni. Vaeni raba zenye soli inayoshika. Kandambili ziacheni hotelini, na viatu vya visigino virefu viacheni nyumbani kabisa. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Oktoba, ndiyo miezi mizuri ya kutembea. Julai na Agosti jua ni kali na mji umefurika wageni.

Kuhusu nyaraka nitapita haraka. Ureno imo katika eneo la Schengen, hivyo viza ya muda mfupi hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi zote za eneo hilo, na bima ya safari inayotakiwa ni ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Namba ya dharura ni 112, kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Polisi wa watalii wana kituo Praça dos Restauradores, ndani ya jengo la Palácio Foz. Mkiibiwa ndiko mtakakopata ripoti ambayo kampuni ya bima itaidai. Kwa usafiri, kila mtu awe na kadi yake ya Navegante: kadi moja haitumiki na watu wawili katika safari moja, jambo linalowakwaza wengi getini kwenye treni ya chini ya ardhi.

Siku ya kwanza: kutoka mtoni hadi dhahabu ya Kilwa

Anzeni Praça do Comércio saa tatu asubuhi. Upande mmoja ni mto, pande tatu ni majengo ya manjano yenye matao. Hapa palisimama kasri la mfalme hadi tarehe 1 Novemba 1755. Asubuhi ya siku hiyo ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliuangusha mji. Waliokimbilia ukingoni mwa mto wakakutwa na mawimbi ya tsunami, na moto ukaendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kwa cheo cha Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka, na ndani ya kuta za nyumba zikawekwa fremu za mbao za kuhimili mtikisiko. Ndiyo maana ndani ya Baixa ni vigumu kupotea, na ndani ya Alfama, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ni vigumu kutopotea.

Fuateni Rua Augusta kuelekea uwanja wa Rossio. Njiani vijana watawanong'oneza kwamba wanauza bangi. Kwa kawaida wanachouza ni majani makavu ya kupikia. Semeni hapana bila kusimama. Mabegi yawe mbele ya kifua, na simu isikae mfuko wa nyuma. Vibaka wa Lisbon hawatumii nguvu, wanatumia msongamano, na wanaijua sura ya mtu anayesoma ramani.

Hatua chache kutoka Rossio upo uwanja mdogo wa Largo de São Domingos, ambao makundi mengi huuvuka yakielekea kwenye kibanda cha pombe ya ginjinha kilichopo kando. Simameni. Mbele ya kanisa kuna mnara mdogo wenye nyota ya Daudi, uliowekwa mwaka 2008, wa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na umati mwezi Aprili 1506. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1959, na waliolitengeneza waliacha nguzo zilizopasuka kwa moto zibaki na makovu yake. Zamani humo ndimo ulimokuwa na makao udugu wa Kikatoliki wa watu weusi, chini ya Mama Yetu wa Rozari. Siku hizi nje ya kanisa hukutana Waafrika, wengi wao wenye asili ya Guinea-Bissau: wazee wanabarizi, wanawake wanauza karanga na viungo. Salimieni, nunueni kitu kama mnahitaji, na msiwapige watu picha bila kuwaomba.

Sasa kilima cha kwanza, na siri ya kwanza ya magoti. Kituo cha treni cha Baixa-Chiado kina mlango mmoja bondeni, Rua do Crucifixo, na mwingine juu, Largo do Chiado. Katikati yake kuna ngazi za umeme ndefu, na mnaweza kupita kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kuvuka geti la tiketi, yaani bila kulipa. Wenyeji hufanya hivyo kila siku. Yale magari ya kamba yanayopanda vilima, ambayo hupendeza sana kwenye picha, ulizeni kwanza kama yanafanya kazi: tarehe 3 Septemba 2025 lile la Glória lilipata ajali iliyoua watu 16.

Kutoka Chiado pandeni kidogo hadi Largo do Carmo. Kanisa la Carmo halina paa tangu tetemeko la 1755; matao yake yamebaki wazi kwa anga. Pembeni yake ni kambi ya askari wa Guarda Nacional Republicana, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana haki ya kukaa kwenye benchi kwa muda mrefu. Tarehe 25 Aprili 1974, waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha ndani ya kambi hii huku wanajeshi wa Kapteni Salgueiro Maia wameizunguka, na jioni akasalimu amri. Wanajeshi hao walikuwa wamechoshwa na vita ambavyo Ureno ilikuwa ikipigana Angola tangu 1961, Guinea tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964. Chama kilichoongoza vita vya Msumbiji, Frelimo, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake waliuvuka mto Ruvuma wakitokea Tanzania. Vitabu vya watalii vitawaeleza habari za maua ya kanesheni ambayo wanajeshi siku hiyo walichomekewa kwenye bunduki. Mwelezeni mwenzenu kijana habari za Ruvuma pia, kisha za tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru.

Nyuma ya kanisa mnaweza kwenda kwenye roshani zenye mandhari ya Baixa na kasri la São Jorge lililo kilima cha pili. Bei yake ni bure. Chini yenu mtaona foleni ya watu wanaosubiri lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902, ili wafike hapo hapo mlipo. Lifti ni nzuri kuitazama. Kuipangia foleni kwenye jua ni hiari ya mtu, na ushauri wangu ni kwamba hiari hiyo itumike katika zile saa mbili za kutengana.

Baada ya mapumziko, shukeni kutoka uwanja wa Luís de Camões kwa Calçada do Combro hadi Rua do Poço dos Negros. Ni mtaa wa mikahawa, na mtu anaweza kuupita akiwa na keki mkononi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel I aliwaandikia wakuu wa mji akiamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, ambazo zilikuwa zikiachwa bila kuzikwa vizuri. Mtaa unahusishwa na shimo hilo. Katikati ya karne ya 16 inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi Lisbon alikuwa mtumwa. Mbele kidogo ni mtaa wa Madragoa, ambao zamani uliitwa Mocambo na ulikuwa makazi ya Waafrika, watumwa na waliokuwa huru. Chama kiitwacho Batoto Yetu kimesimamia kuwekwa kwa vibao vya historia ya Waafrika sehemu mbalimbali za mji, na huandaa matembezi yenye mwongozaji. Kama kundi lenu litalipia mwongozaji mara moja tu, lipieni hayo. Yapo pia matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure. Mwongozaji wake anaishi kwa bahashishi, kwa hiyo mfuko wa pamoja uwe tayari mwishoni.

Njia inaishia Rua das Janelas Verdes, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Hufungwa Jumatatu, hivyo pangeni siku vizuri. Msijaribu kuona kila kitu humo. Ulizeni Custódia de Belém ilipo, na nendeni moja kwa moja.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuiweka Ekaristi wazi ili waumini waiabudu. Kimetengenezwa kwa dhahabu na kutiwa rangi za enameli, na mitume kumi na wawili wadogo sana wamepiga magoti kukizunguka. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Chini, kwenye kitako, maandishi yanasema kwamba Mfalme Manuel I aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limeandikwa pale pale, na hata asiyejua Kireno akiinama atalisoma: *Quilva*.

Jinsi dhahabu hiyo ilivyopatikana inajulikana. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba atauteketeza mji asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi. Amiri akalipa. Da Gama akarudi Lisbon mwaka 1503 na mzigo huo. Kodi haikuiokoa Kilwa: mwaka 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida liliuvamia mji, likajenga ngome, kisha likaenda kuipora na kuichoma Mombasa. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa ndio walioitawala njia hiyo kwa vizazi. Hebu angalieni mwaka ulioandikwa, 1506, kisha mkumbuke mnara mliouona asubuhi Largo de São Domingos. Sonara alimaliza kazi yake katika mwaka uleule wa mauaji yale.

Sioni sababu ya kumwambia msomaji ahisi nini mbele ya kabati hilo la kioo. Nitasema tu kwamba watu niliozungumza nao hutaka muda zaidi hapo kuliko walivyodhani, kwa hiyo kiongozi wa siku asitazame saa. Makumbusho yana pia paraventi za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakishuka melini, na miongoni mwao wamo Waafrika. Mkimaliza, kuna bustani yenye mkahawa inayotazama mto. Rudini mjini kwa tramu au basi. Miguu imetosha.

Siku ya pili: Alfama na Mouraria

Leo kundi lianze likiwa limegawanyika. Wenye magoti mazuri waanzie chini ya Alfama, kwenye chemchemi ya zamani ya Chafariz d'El-Rei, karibu na mto. Kanuni ya mji ya mwaka 1551 ilitenga mabomba ya chemchemi hii kwa tabaka: watumwa na watu weusi walikuwa na lao, weupe lao, wanaume mbali na wanawake. Kutoka hapo wapande kwa ngazi, bila ramani, wakizingatia jambo moja tu kwamba juu ni juu. Hizi ni nyumba za watu. Nguo zimeanikwa madirishani, bibi mmoja amekaa mlangoni, na sauti ya watu sita wanaocheka inapenya hadi ndani vyumbani. Tembeeni kwa mstari mmoja na mpunguze sauti, hasa baada ya saa nne usiku.

Wenye magoti mabaya waanzie Baixa, Rua dos Fanqueiros, ambako ndani ya jengo mojawapo kuna lifti ya umma isiyolipiwa inayotokea Rua da Madalena. Wavuke, waende Largo Chão do Loureiro, waingie kwenye jengo la maegesho ya magari lenye supamaketi chini, na lifti ya pili itawatoa juu, karibu na kasri. Bei yake, tena, ni bure. Wazee na wenye watoto wa kubeba wanaipenda njia hii kuliko bajaji za watalii, ambazo Lisbon zinazo tele. Ndiyo, ni bajaji, zile zile. Lakini ukiambiwa nauli yake utashuka mwenyewe.

Kutaneni kwenye mandhari ya Santa Luzia. Ukutani kuna michoro ya vigae vya buluu na vyeupe: mmoja unauonyesha uwanja wa Praça do Comércio ulivyokuwa kabla ya tetemeko, mwingine jeshi la Wakristo likiuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Mjadala wa kuingia kasri la São Jorge au kutoingia huchukua muda mrefu kuliko kasri lenyewe. Kiingilio si kidogo na kilichomo zaidi ni kuta na mandhari. Wanaotaka waingie, wengine wakae kivulini Portas do Sol na maji. Maji ya bomba yanafaa kunywa, hivyo kila mtu awe na chupa ya kujaza. Tramu namba 28 itapita hapo imejaa pomoni. Ni usafiri mzuri asubuhi na mapema. Mchana huwa mahali pa kupoteza pochi.

Baada ya 1147, Waislamu waliobaki walitengewa mtaa wa Mouraria, nyuma ya kilima. Shukeni huko mchana. Ndiko alikoishi Maria Severa, mwimbaji wa muziki wa fado aliyefariki mwaka 1846 akiwa kijana, na leo ndiko waliko wahamiaji wa kila taifa. Rua do Benformoso imejaa maduka na migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani, yenye nyama halali, biriani na chai ya maziwa. Kwa kundi lililokula mkate na jibini tangu asubuhi, harufu ya mtaa huu inatosha kurudisha undugu. Wanaotaka kuswali Ijumaa waende Msikiti Mkuu, karibu na Praça de Espanha, uliofunguliwa mwaka 1985. Wengi wa jumuiya iliyoujenga walitoka Msumbiji.

Mkila kwenye migahawa ya Kireno, jueni mambo mawili. Mhudumu ataweka mezani mikate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza. Si zawadi; mkigusa mtalipa, na kuvirudisha si ufidhuli. Pili, nguruwe huingia bila hodi: supu ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji, na mkate uitwao bifana ni nyama ya nguruwe. Samaki ni salama na ni wazuri, dagaa wakubwa wa kuchoma wakati wa kiangazi na chewa mkavu wa chumvi mwaka mzima. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa meza za nje, na choo cha mkahawa kinakuwa chako kwa muda huo.

Nusu siku: Belém

Belém iko kilomita sita hivi magharibi mwa Baixa. Msiende kwa miguu. Nendeni kwa tramu ya 15E au treni kutoka Cais do Sodré, na isiwe Jumatatu. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa sehemu kubwa kwa kodi iliyotozwa kwenye biashara ya viungo na ya Afrika. Monstransi mliyoiona iliagizwa kwa ajili ya monasteri hii. Ua wake wa ndani unalipiwa na foleni ni ndefu, lakini kanisa huwa na mlango wake. Mkiingia, kushoto ni kaburi la Vasco da Gama, aliyefariki Cochin, India, mwaka 1524, na kulia ni la Camões, mshairi ambaye utenzi wake wa *Os Lusíadas*, uliochapishwa mwaka 1572, unamweka Mfalme wa Malindi kuwa msikilizaji anayesimuliwa historia nzima ya Ureno. Watu wa Malindi watapenda kulijua hilo. Wa Mombasa na Kilwa wajiandae: humo wao ndio wabaya.

Vukeni barabara kwa njia ya chini hadi mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Usidhaniwe ni wa kale. Ulisimamishwa kwanza kwa vifaa vya muda katika maonyesho ya mwaka 1940, ukajengwa upya kwa zege mwaka 1960, enzi za udikteta wa Salazar. Ardhini mbele yake kuna dira kubwa ya mawe yenye ramani ya dunia katikati, zawadi ya Afrika Kusini ya zama za ubaguzi. Watoto wataikimbilia pwani yetu kwenye ramani hiyo na kutaka kupigwa picha wakiwa wameikanyaga, waacheni.

Keki za krimu za duka maarufu la Belém, linalouza tangu 1837, zina foleni mbili: moja ya kununua na kuondoka, nyingine ya kukaa ndani, ambako kumbi ni kubwa na nafasi hupatikana haraka kuliko inavyoonekana. Tumeni mtu mmoja na mfuko wa pamoja, wengine wasubiri bustanini ng'ambo ya barabara. Kurudi, tramu ya 15E jioni hujaa hadi mlangoni. Tembeeni hadi kituo cha treni cha Belém, na kadi zile zile za Navegante zitawarudisha Cais do Sodré kwa dakika chache, mkiwa mmekaa.